Balaki Akikutafuta Inboksi

  

Leo nazungumza na watu watatu. Kwanza ni wewe kijana mwenye wafuasi kwenye Facebook, TikTok, Instagram au X, unayelipwa au unayetamani kulipwa na kampuni ili uposti bidhaa zao. Pili ni wewe mwenye duka, saluni au kibanda unayetafuta wateja kwa simu. Tatu ni wewe unayelala kitandani saa nne usiku ukipitisha kidole kwenye skrini mpaka macho yaume. Ujumbe ni mrefu kidogo. Tafuta chai, tulia, usome mpaka mwisho.

Fungua Biblia yako kitabu cha Hesabu, sura ya 22 hadi 24. Utampata mfalme wa Moabu aitwaye Balaki. Amewaona Waisraeli wamepiga kambi karibu naye, ameingiwa na hofu. Ana jeshi, ana mali, ana wazee wa baraza. Lakini anatuma ujumbe mbali kabisa, kando ya Mto Frati, kumtafuta mtu mmoja tu, Balaamu. Na wajumbe hawaendi mikono mitupu. Wamebeba malipo.

Jiulize, kwa nini Balaamu? Moabu haikukosa watu wa kulaani. Kila kijiji kina mtu wa mdomo mrefu. Balaki alimtaka Balaamu kwa sababu alisikia kwamba watu wanaliamini neno la mtu huyu. Akibariki, watu wanahesabu mmebarikiwa. Akilaani, watu wanahesabu mmekwisha. Balaki alikuwa amepanga kulipia imani ambayo watu walikuwa nayo kwa mtu mwingine.

Mpendwa, hiyo ndiyo biashara ya matangazo ya mitandaoni. Imebadilika mavazi tu.

WANANUNUA NINI HASA?

Wengine wenu hamjui kazi hii inavyofanyika, kwa hivyo nieleze. Kampuni ina sabuni, ina unga, ina mkopo wa simu, ina kiwanja cha kuuza. Inatafuta wakala wa matangazo. Wakala anatafuta watu wenye wafuasi. Wengine ni mastaa wa taifa zima. Lakini siku hizi kampuni zinawatafuta sana hata watu wadogo: mwanablogu wa mtaa, mama anayefundisha mapishi kwa Kikamba, kijana anayechekesha kwa Kiluhya, yule wa kupost habari za barabara na stima. Wanaletewa maelezo: posti saa fulani, tumia hashtegi hii, sema maneno haya, shika chupa hivi ili jina lionekane. Mwisho wa kazi unatuma picha za skrini kuonyesha ni wangapi walitazama, wangapi walikomenti, wangapi walibonyeza. Kisha unangoja malipo, na wakati mwingine unangoja mpaka unasahau.

Kwa nini wamtake mama wa mapishi mwenye wafuasi 9,000 wakati kuna mabango makubwa Thika Road na Mombasa Road? Bango halina jirani. Hakuna mtu aliyewahi kulia na bango, wala kuliombea. Lakini huyu mama, watu wanamjua. Walimwona akizaa, walimwona akifiwa, walipika chapati zake zikatokea vizuri. Akisema mafuta fulani ni mazuri, wanasikia sauti ya dada yao.

Kwa hivyo kijana wangu, wakikuambia wanakulipa kwa picha, usiamini. Picha hata mpita njia anaweza kupiga. Wanalipia ile miaka mitano uliyokaa ukiwajibu watu komenti zao. Wanalipia jina lako. Na jina, Sulemani alitufundisha katika Mithali 22, lina thamani kupita mali nyingi. Sasa ukijua unauza kitu cha bei hiyo, utauza ovyoovyo?

KULIPWA SI DHAMBI

Kabla mtu hajaniandikia kwamba Pasta amewalaani vijana wetu, nisikize vizuri. Kufanya kazi na kampuni si dhambi. Katika Matendo 16 tunampata Lidia, mfanyabiashara wa vitambaa vya zambarau. Bwana aliufungua moyo wake, naye akafungua nyumba yake. Hakuna mahali tunasoma kwamba aliambiwa afunge duka. Mtenda kazi anastahili malipo yake. Hata serikali imeshakuhesabu kuwa mfanyabiashara: tangu Sheria ya Fedha ya 2023, malipo ya mtengeneza maudhui mkaazi wa Kenya yanakatwa kodi ya asilimia 5 kabla hayajamfikia. Kama KRA inakuchukulia kwa uzito, nawe jichukulie kwa uzito.

Tena nimeona nguvu hii ikitumika vizuri. Wengi wenu mnakumbuka Chifu Francis Kariuki wa Lanet Umoja, kule Nakuru. Mwaka 2012 alijulikana ulimwenguni kwa sababu ya Twitter. Kondoo akiibwa, chifu anaandika. Nyumba ikivamiwa usiku, chifu anaandika, majirani wanatoka, wezi wanatoroka. Wakaaji wengi hawakuwa na simu za intaneti, lakini walipokea maneno yake kama SMS kwenye simu zao za kawaida. Hakuwa na studio. Alikuwa na kitu kimoja: akisema kuna mwizi, kweli kuna mwizi. Angeandika uongo mara mbili tu, mara ya tatu watu wangejifunika blanketi na jirani angeporwa.

Kampuni pia zinaweza. Julai 2011, ukame ulipowapiga ndugu zetu wa Turkana na kaskazini yote, Safaricom, benki ya KCB, vyombo vya habari na Shirika la Msalaba Mwekundu walianzisha Kenyans for Kenya. Walitaka shilingi milioni 500 kwa mwezi mmoja. Wakenya wakalipita lengo hilo kabla ya mwezi kuisha, wengi wakituma vijisenti vidogo kwa M-Pesa, wakiambiana mitandaoni: tuma, hata kama ni kidogo. Hapo kampuni na watu walishikana mikono na kilichokuwa kati yao kilikuwa mtu mwenye njaa. Mungu alitukuzwa.

Kwa hivyo chombo chenyewe sina ugomvi nacho. Kisu kinakata sukuma wiki na kisu hichohicho kinaua. Ninauliza tu umekishika namna gani.

DHAMBI YA KUNYAMAZA

Hapa ndipo wengi wetu tunaanguka bila kusema neno moja la uongo.

Umelipwa shilingi 15,000 uposti kiwanja. Unaandika, "Nimefika huku leo, hewa safi, nimependa sana." Huenda ni kweli ulifika. Huenda ni kweli hewa ni safi. Lakini umeficha jambo moja, kwamba ulipelekwa na gari la kampuni, ukalipwa, ukaandikiwa hayo maneno. Rafiki yako anasoma akidhani ulikuwa unatembea tu ukapendezwa. Anaenda kuchukua mkopo wa chama.

Kumbuka Anania na Safira katika Matendo 5. Walitoa pesa kweli. Shamba liliuzwa kweli. Petro alimwambia wazi kwamba shamba lilikuwa lake na pesa zilikuwa zake, hakuna aliyemlazimisha. Kilichowaua ni sehemu waliyoificha huku wakiacha kanisa liamini vingine. Ukweli nusu uliovaa nguo za ukweli mzima.

Dawa ya hili ni rahisi mpaka inaudhi: sema umelipwa. Andika juu kabisa, kwa lugha wanayoielewa wafuasi wako: "Hili ni tangazo, nimelipwa." Usilifiche chini ya hashtegi ishirini. Marekani, tume yao ya biashara, FTC, inadai hivyo kwa kila mtu mwenye uhusiano wa kifedha na bidhaa anayoisifia. Kwetu hapa, Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inakataza kumdanganya mnunuzi kuhusu bidhaa. Lakini hata kama hakuna askari atakayekuja, wewe ni mtu wa nuru. Ndiyo yako iwe ndiyo.

Najua unachoogopa. Unaogopa kwamba ukisema umelipwa, watu hawatanunua. Basi jiulize: kama bidhaa inauzika tu watu wasipojua ukweli, unauza bidhaa au unauza giza?

Na usidhani ni tatizo la Kenya peke yake. Huko Marekani, wanamitindo na mastaa walilipwa kuposti tamasha lililoitwa Fyre, kwenye kisiwa cha Great Exuma, Bahamas. Waliweka kijisanduku cha rangi ya chungwa kwenye Instagram, vijana wakakimbilia tiketi. Aprili 2017 walipofika walikuta mahema na vurugu. Mwenye tamasha, Billy McFarland, alihukumiwa kifungo cha miaka sita mwaka 2018. Lakini waliowaleta wale vijana hawakuwa yeye. Walikuja kwa sababu ya nyuso walizozipenda. Waswahili walishasema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Mitandaoni mambo mengi yanaelea.

UMATI WA KUKODISHWA

Kuna kazi nyingine inalipa vijana wetu, na hii inaniumiza zaidi. Ni kazi ya kupiga kelele.

Septemba 2021 shirika la Mozilla lilitoa ripoti ya watafiti wawili, Odanga Madung na Brian Obilo, kuhusu vijana wa Kenya wanaolipwa kusukuma hashtegi za kuchafua majaji na wanaharakati. Walikuwa wanapangwa kwenye makundi ya WhatsApp, wanapewa maneno, wanaambiwa saa ya kuanza. Malipo yalikuwa kati ya dola 10 na 15 kwa kushiriki kampeni tatu kwa siku. Hesabu mwenyewe. Jina la mtu alilolijenga miaka thelathini, linatupwa matopeni na kijana ambaye hajawahi kukutana naye, kwa pesa za kununua kuku na bando.

Biblia inaujua umati huu. Matendo 19, mjini Efeso, fundi wa fedha aitwaye Demetrio aliona injili inaharibu soko lake la visanamu vya Artemi. Akawachochea mafundi wenzake, mji mzima ukafurika uwanjani, watu wakapiga kelele saa mbili hivi. Na Luka anatuambia jambo la kuchekesha na kuhuzunisha: wengi wao hawakujua wamekusanyikia nini. Angalia Demetrio alivyofanya. Alianza na mfuko wake, akaufunika kwa dini na heshima ya mji. Leo angekuwa na hashtegi nambari moja.

Mpendwa unayelala kitandani na simu, kabla hujashea hasira ya mtu, uliza nani amelipia. Kitu kutrendi si ushahidi kwamba Wakenya wamekasirika. Labda ni vijana arobaini na orodha ya maneno.

SWALI LA KIJANA

Kijana mmoja wa ushirika wetu anaendesha ukurasa wa mtaa. Anaposti maji yamekatika wapi, kitambulisho cha nani kimeokotwa, mtoto wa nani amepotea. Kampuni moja ya kamari ikamwandikia inboksi. Walitaka video tatu kwa wiki akicheza na kushangilia ushindi. Kwa mwezi mmoja angepata zaidi ya anachopata kwa miezi minne ya vibarua. Alikuwa anadaiwa kodi ya nyumba miezi miwili, na mama yake anahitaji dawa za sukari. Akaniuliza, "Pasta, wao ni watu wazima wanaocheza. Mimi naposti tu. Kosa langu ni nini?"

Ni swali zito na sikulijibu kwa kupiga meza. Mtu mwenye njaa hahubiriwi akiwa amesimama mlangoni.

Nilimwomba tuangalie vitu viwili. Cha kwanza ni mkataba. Katika biashara ya kamari kuna mpango ambapo anayeleta wachezaji anapewa nambari au kiungo chake, na kila anayejiunga kupitia hicho anahesabiwa kuwa wake. Kisha analipwa sehemu ya kile kampuni ilichobaki nacho kutoka kwao. Elewa maana yake. Pesa yako inatoka kwa kupoteza kwa wale watu wako. Yule mama uliyemsaidia kumpata mtoto wake, mumewe akipoteza karo usiku, asubuhi wewe una asilimia yako. Hutamwombea ashinde tena, kwa sababu akishinda wewe unakosa.

Cha pili ni simu yenyewe. Zamani tangazo lilikuwa redioni na duka lilikuwa mbali. Mpaka ufike dukani, akili imerudi. Tangu M-Pesa ije mwaka 2007, tangazo na mkoba vimeingia ndani ya mfuko mmoja, na kati yao kuna tarakimu nne tu za siri. Karo iko humo. Pesa za chama ziko humo. Sadaka iko humo. Mtu anatazama video yako ukishangilia, hajui kama pesa unazocheza ni zako au umepewa na kampuni, na kabla video haijaisha ameshatuma.

Na si wachungaji peke yetu tunaolalamika. Tarehe 29 Aprili 2025, bodi ya serikali iliyosimamia kamari wakati huo, BCLB, ilisimamisha matangazo yote ya kamari nchini kwa siku 30, ikieleza wasiwasi kwamba yanawafikia hata watoto. Ukiona hata wanaotoa leseni wameshtuka, jua moto uko jikoni.

Kijana alikataa. Na sasa nisikudanganye. Hakuna kampuni nyingine iliyompigia simu kesho yake na mara kumi ya pesa. Wazee wa ushirika walichanga kodi ya mwezi mmoja. Tukamsaidia kuzungumza na wenye maduka wa hapa mtaani: hadiwea, mwenye kuuza maji kwa bauza, duka la dawa, mwalimu wa chekechea. Wanamlipa kidogo kila mwezi, naye anaandika wazi kwamba ni matangazo. Ni pesa ndogo kuliko zile za kamari. Bado anafanya vibarua. Lakini mtoto akipotea leo usiku akaposti, watu wanatoka nje na tochi. Hicho ndicho alichokilinda.

Kumtii Mungu kuna wakati kunakugharimu, na mhubiri asiyekuambia hivyo naye anakuuzia kitu.

SISI WA MADHABAHUNI

Nisiwaonee vijana. Sisi wachungaji tulikuwa na wafuasi kabla ya Facebook kuzaliwa. Wenye biashara wanajua. Wanakuja na kiwanja, na sakos, na dawa ya maajabu, wanataka dakika tano tu baada ya matangazo ya kanisa. Wanajua kwamba nikisema "ndugu huyu ni mtu mzuri," mjane wa kiti cha nyuma atafungua leso.

Mnakumbuka miaka ya 2006 na 2007, upatu wa piramidi ulipopita Kenya. Panda mbegu, vuna mara mbili. Sehemu kubwa ilipitia makanisani, ikatumia lugha yetu ya kupanda na kuvuna. Watu walipoteza pensheni na pesa za ng'ombe waliouza. Hakukuwa na TikTok wakati ule. Kulikuwa na mimbari na watu wanaoiamini. Kwa hivyo tusilaumu simu. Simu imeongeza mwendo tu. Barabara ni ileile, kutoka moyo wa mtu anayekuamini mpaka mfukoni mwake.

Kila kanisa linalopokea matangazo ya biashara liulize: huyu anatulipa? Kama ndiyo, washirika waambiwe kwa sauti ileile tunayotumia kusoma hesabu ya sadaka.

SASA UFANYE NINI?

Wewe mwenye ukurasa na wafuasi, kabla hujajibu ujumbe wa kampuni, kaa chini na maswali manne. Je, nimeitumia hii bidhaa mwenyewe, kwa pesa zangu au kwa muda wa kutosha? Je, ningempa mama yangu? Je, niko tayari kuandika mbele ya wote kwamba nimelipwa? Na je, mtu akiumia nayo, nitabaki kwenye komenti nimjibu, au nitamfungia nje? Swali moja likikataa, kataa nalo. Pia dai mkataba ulioandikwa, hata ukurasa mmoja. Kijana wa Mungu, usifanye kazi miezi mitatu kwa ahadi ya sauti ya WhatsApp.

Wewe mwenye duka, usikimbilie staa wa Nairobi kama wateja wako wako Kitale, Voi au Migori. Tafuta mtu anayejulikana na majirani zako, mlipe haki yake kwa wakati, na umwache aseme ukweli wote, hata ule usioupenda. Akisema "viatu ni imara lakini saizi ni ndogo kidogo," huyo amekuletea wateja wasiorudisha viatu. Usinunue wafuasi bandia. Wafuasi elfu kumi wasiokula hawanunui mandazi. Na mteja akilalamika mbele za watu, mjibu mbele za watu, kwa upole, urekebishe. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Komenti moja ya mteja aliyerekebishiwa kosa inauza kuliko mabango mawili.

Wewe mtazamaji, wewe ndiwe bidhaa wanayogombania. Balaki hangemtafuta Balaamu kama watu hawangekuwa wanasikiliza. Kwa hivyo chunga sikio lako. Ukiona mtu unayempenda anasifia kitu, furahi naye, kisha ngoja siku tatu. Uliza aliyenunua, usiulize anayeuza. Usinunue chochote usiku ukiwa na huzuni, maana wanajua ndiyo saa unayoshika simu. Na yule mwanablogu mdogo wa mtaa wako anayekuambia ukweli bila kulipwa na mtu, mpe moyo. Mtumie hata mia mbili ya bando. Tukiwaacha wasema kweli walale njaa, tusishangae Balaki akiwapata kwa urahisi.

Rudi pamoja nami kwa Balaamu tunapomaliza. Alisema maneno mazuri sana, kwamba hata akipewa nyumba iliyojaa fedha na dhahabu hatalivuka neno la Mungu. Lakini aliwakaribisha wajumbe walale kwake mara ya pili. Jibu alikuwa amekwisha kupewa, na bado akataka kusikia kama bei imepanda. Njiani, punda wake aliona hatari ambayo yeye nabii hakuiona. Mpendwa, kuna ujumbe fulani hapo inboksi ambao tayari unajua jibu lake. Usiukaribishe kulala.

Tuombe.

Baba katika jina la Yesu, asante kwa vijana wetu na vipawa ulivyoweka ndani yao. Asante kwa kila mama anayeuza kwa simu ili watoto wale. Wape soko la haki, wateja waaminifu na malipo yasiyocheleweshwa. Linda majina yao. Wape ujasiri wa kusema ndiyo wakati ni ndiyo, na siyo wakati ni siyo, hata kodi ikiwa inadaiwa. Na kanisa lako, Baba, litufanye kuwa watu wanaochanga, tusiwe watu wa kuhukumu tu. Mwenye kufungwa na kamari anayesoma haya usiku huu, mfungue, na umpe mtu wa kumwambia. Amina.

Kama uko katika shida hiyo, usiandike kwenye komenti. Niandikie inboksi, au mwendee mchungaji aliye karibu nawe. Kama umebarikiwa, mtumie kijana mmoja mwenye ukurasa. Na kwa taarifa yako, hakuna aliyenilipa kuandika.